Fyuzi Isiyoungua

Baba yangu ananusa magari. Akifika kwetu Mbeya, kabla hajasalimiwa vizuri na kabla mkoba wake haujapokelewa, anafungua mlango wa pikapu, anaingiza kichwa chini ya usukani na kuvuta pumzi. Majirani wapya hudhani mzee anasali. Sisi tuliomzoea tunasimama kando kama watuhumiwa, mume wangu kanyoosha mkono kupokea mkoba, mimi nimevaa tabasamu ambalo hata mwenyewe siliamini.

Pikapu yenyewe ni ya bluu, au tuseme iliwahi kuwa ya bluu. Baba aliinunua kabla sijazaliwa, ikiwa tayari imeshatumika, akabebea viazi na mbao kati ya Mafinga na Iringa mpaka magoti yake yalipokataa kukanyaga klachi. Imenizidi umri, na asubuhi za baridi ya Juni inanizidi hata uvivu wa kuamka. Lakini ikiamka imeamka. Siku ya sherehe ya kuniaga nyumbani, shangazi zangu walileta vitenge na masufuria, wakacheza mpaka vumbi likatulia lenyewe kwa kuchoka, halafu Baba akachukua kipaza sauti na kuninyooshea ufunguo.

"Nakupa wewe, mama," akasema. "Siyo huyo bwana."

Watu wakacheka. Huyo bwana, ambaye sasa ni mume wangu, naye akacheka, maana ndoa ilikuwa bado haijafungwa na hakutaka matatizo.

"Na nasema mbele ya watu," Baba akaendelea. "Siku nitakayokuta waya umeungua humo ndani, gari linarudi Iringa."

Watu wakacheka tena. Mimi sikucheka, kwa sababu namjua Baba. Kaka yangu aliwahi kupewa baiskeli, akaiazimisha, ikarudi haina taa. Baba akaitwaa bila kelele yoyote, na hadi leo inaning'inia kwenye ukuta wa ghala letu, imefunikwa gunia, kaka yangu ana watoto wanaokaribia kuipanda. Tena ufunguo alionipa ulikuwa mmoja tu. Wa pili alibaki nao, kaufunga kwa kamba ya kiatu kwenye mkanda wa suruali. Kila alipokuja kututembelea niliuona ukicheza pale kiunoni, na niliuelewa vizuri kabisa. Gari lilikuwa kwangu, lakini lilikuwa bado la kwake.

Na mimi gari hilo nalihitaji. Nauza mchele. Kila nikiishiwa nashuka Rujewa, nasimama mwenyewe mbele ya mashine, natia mkono kwenye gunia, natafuna punje mbili tatu, nachagua ninaoutaka, napakia, naondoka. Wenzangu sokoni wasio na usafiri wanabembeleza nafasi kwenye malori ya watu. Gunia la mtu anayebembeleza linapandishwa mwisho, linawekwa pale mvua inapopiga, na likifika limeshavunda. Sikuwa tayari kurudi huko, na nilimwambia mume wangu hivyo mara nyingi, kwa sauti ambayo watu wa Mbeya husingizia Uhehe wangu.

Tatizo ni kwamba mume wangu ni fundi cherehani. Fundi cherehani haoni kitu kitupu akakiacha kilivyo, lazima akiwekee kifungo. Mwaka wetu wa kwanza aliweka redio, sikulalamika, napenda taarabu nikiwa njiani. Baadaye ikaja spika ya nyuma ya kiti, kubwa hivi kwamba kiti kiligoma kulala. Baadaye chaji ya simu. Baadaye taa za zambarau chini ya dashibodi, ambazo alisema ni za kunipendezea miguu. Baadaye taa mbili kubwa za ukungu, na hizo nilizikubali kwa moyo wote kwa sababu mtu anayepita Uyole asubuhi ya Februari bila taa za ukungu anaendesha kwa kukumbuka. Mwisho ikaja honi. Siyo honi ya pikapu. Ilikuwa honi ya basi, ya sauti tatu, aina ile inayomtoa mtu barabarani kabla hajajua kwa nini. Gari letu likawa ukumbi wa harusi wenye matairi.

Kila alipoongeza kitu, fyuzi iliungua. Fyuzi za gari letu ni za zamani, vichupa vidogo vya kioo vyenye kiuzi cha bati ndani, vimepangwa kwenye sanduku dogo chini ya dashibodi. Akiunga spika kwenye njia ya redio, pu, kiuzi kinakatika. Akiunga chaji kwenye njia ya taa za ndani, pu. Mume wangu akawa ananunua vichupa kama mtu anunuavyo karanga. Mpaka siku moja akaingia jikoni anang'aa uso mzima.

"Mama watoto, nimeipata njia ya chuma."

"Njia gani?"

"Ya waipa. Namba tatu. Nimeunga taa za ukungu, haikuungua. Nimeunga honi, haikuungua. Nimeunga na chaji, kimya! Ile njia haijawahi kuua fyuzi hata siku moja. Wazee hawa walijua kutengeneza gari."

Nilifurahi naye. Nakiri nilijisikia fahari pia, kwamba gari la Baba lilikuwa na sehemu imara kiasi hicho. Vichupa vingine tulivijua sura kwa jinsi tulivyovichomoa mara kwa mara, lakini cha namba tatu hakuna aliyewahi kukigusa. Kilikuwa kimeshikwa na kutu, na kitu kinachofanya kazi nani akichokonoe?

Sasa, katika mambo yote ya dunia, hakuna jambo lililompandisha Baba sauti kama fyuzi. Kila alipokuja tulisikia somo lile lile, kwenye chai ya kwanza, kabla hata ya habari za wagonjwa.

"Fyuzi haikuwekwa ilinde taa," alikuwa akisema, akimtazama mume wangu juu ya miwani. "Inalinda waya. Taa ikifa unanunua taa. Waya ukiungua umeunguza gari na waliomo. Kwa hiyo fyuzi ikifa, ishukuru, halafu uliza kilichoiua."

"Ndiyo, Baba."

"Kuna watu wanazungushia karatasi ya sigara. Kuna watu wanafunga waya wa shaba juu ya fyuzi iliyokufa, wanasema imepona. Hao hao. Mtu wa namna hiyo usimpe gari. Usimpe hata toroli."

"Kabisa, Baba," mume wangu alikuwa akijibu, na kwa hilo alikuwa mkweli. Hajawahi kufunga shaba kwenye fyuzi. Alikuwa na njia ya chuma, shaba ya nini?

Februari hiyo Baba alipopiga simu kwamba anakuja kuona wajukuu, tulikuwa na siku chache za kulivua gari mapambo. Spika ikahamia uvunguni mwa kitanda. Taa za zambarau zikang'olewa, nikapumua. Honi na chaji zilikuwa zimefungwa kwa namna isiyotoka upesi, basi mume wangu akashona kitambaa kizuri cha kufunika dashibodi, chenye pindo na maua pembeni, na swichi zote zikalala chini yake. Taa za ukungu zilibaki palepale mbele, ila alizipaka tope.

Baba akaja, akanusa. Akanyanyua kichwa, akatazama kitambaa.

"Hiki nini?"

"Ni urembo tu, Baba," nikasema. "Mkweo kanishonea."

Akakishika pindo kwa vidole viwili, nikaona maisha yangu yote ya mchele yakipita mbele yangu. Kisha akakiachia. "Anashona vizuri," akasema, na hilo lilikuwa neno zuri la kwanza nililowahi kumsikia akimsema mume wangu tangu tuoane.

Akakaa wiki nzima, akala, akawafundisha watoto kumenya viazi kwa kisu cha mfukoni, akataka kurudi kwake. Nikasema tumpeleke wenyewe, na tukirudi nitapitia Rujewa kuchukua mchele. Tukakaa watatu mbele, mume wangu kwenye usukani, mimi katikati, Baba dirishani, ufunguo wake ukinichoma ubavuni kila kona.

Uyole kulikuwa na ukungu mzito. Mume wangu akavumilia, akavumilia, lori likatutokea puani, akaingiza mkono chini ya kitambaa. Mbele yetu barabara ikawa nyeupe.

Baba akatazama mwanga. Akatazama mkono wa mume wangu ukitoka chini ya kitambaa. Nyusi moja tu ilipanda.

Tuliposhuka kuelekea Chimala ukungu uliisha, mvua ikashika zamu, na waipa zikaanza kazi, kwii-kwaa, kwii-kwaa. Kwa mawingu yale ilikuwa bado giza, akaziacha taa zikiwaka. Mara simu ya Baba ikaita. Alikuwa ni Mama, akitaka kujua aanze kupika saa ngapi, lakini simu ikalia mara mbili ikazima, haina chaji. Baba akaitikisa. Akafadhaika, kwa sababu Mama asipojibiwa huhesabu ajali. Nikamkanyaga mume wangu mguu asithubutu. Lakini mume wangu ni mtu mwenye huruma, na huruma yake haina breki.

"Lete hiyo simu, Baba," akasema, akafunua kitambaa upande wa pili na kutoa waya wa chaji.

"Ahaa," Baba akasema. Nyusi ya pili ikapanda, ikaenda kukaa na mwenzake.

Nilianza kusali. Tumeshapita Igurusi, tumeshapita Chimala, tumeingia tambarare ya Usangu, mashamba ya mpunga kushoto na kulia, maji yanang'aa, mvua inapiga. Hapo ndipo ng'ombe wakaingia barabarani. Kundi zima, taratibu kabisa, pembe ndefu, na mchungaji wao katikati kajifunika nailoni wala hageuki. Ng'ombe wa Usangu hawana miadi na mtu. Breki zetu zikashika, gari likateleza kidogo kuelekea kwa dume moja jeusi, na mume wangu akapiga honi.

Ile honi.

Ng'ombe wakaruka. Mchungaji akaruka. Baba akaruka mpaka kofia ikagonga dari.

"Basi liko wapi?" akapaza sauti akigeuka nyuma. Halafu akaelewa, akarudi mbele polepole, na kabla hajafungua mdomo pua yake ikaanza kufanya kazi. Ikavuta mara moja. Ikavuta mara ya pili.

"Zima," akasema. "Zima! Waya unaungua!"

Moshi mwembamba ulikuwa unatoka kwenye pindo la kile kitambaa kizuri, katikati ya maua. Mume wangu akasogeza gari pembeni, akazima ufunguo, lakini moshi ukaendelea kwa sababu njia ile ya namba tatu haikukatwa na ufunguo. Sisi wawili tukashuka tukizungukana kama kuku. Baba ndiye alifanya kazi. Akaingiza mkono chini ya kiti cha dereva, kwenye kona ambayo hatukuijua, akatoa spana namba kumi aliyoifungia humo miaka na miaka, akafungua boneti, na mzee yule wa magoti mabovu akalegeza waya wa betri na kuung'oa. Moshi ukapungua, ukaisha. Tukabaki na mvua na harufu ya plastiki iliyoungua, na mimi nikiwa nimeshika kitambaa chenye tundu la ukubwa wa sahani.

Hakutugombeza. Hilo liliniumiza kuliko kugombezwa. Alirudi akakaa kwenye kiti chake, akafunga mlango, akaanza kuuchezea ule ufunguo kiunoni. Mbele ya wageni wote alikuwa amesema siku atakayokuta waya umeungua, gari linarudi Iringa. Alikuwa ameukuta.

Nikampigia fundi umeme wa magari wa Rujewa. Namfahamu kwa sababu banda lake linatazamana na mashine ya mpunga ninakonunulia, na kwa sababu hupenda kusema. Wazazi wake walishuka na ng'ombe kutoka Usukumani, yeye akawaachia ndugu zake ng'ombe akashika nyaya. Alifika kwa pikipiki mvua ikiwa imepungua, kisanduku cha vifaa kimefungwa nyuma kama mtoto.

"Kamwene, mzee," akamsalimia Baba kwa Kihehe cha kubahatisha.

"Kamwene," Baba akajibu, bila furaha.

Fundi akajilaza kifudifudi kwenye kiti, miguu nje, kichwa chini ya dashibodi, na tukawa tunamsikia akihesabu makosa. "Hii imeungwa hapa. Na hii imeungwa hapa. Hee! Na honi ya basi? Yote njia moja! Sasa fyuzi ilikuwa wapi wakati haya yanatendeka?" Kisha tukasikia bisibisi ikikwaruza kutu. Akatoka kinyumenyume, akasimama, akafungua kiganja mbele yetu sote.

Ilikuwa fyuzi ya namba tatu. Kichupa cheusi ndani, kimekufa zamani, na juu yake kimezungushiwa waya wa shaba.

"Nani kafanya hii?" akauliza.

Damu ilinipanda kichwani. Nilimgeukia mume wangu nikiwa na maneno tayari, tena maneno ya kwetu, ya kuanzia kwa mama yake na kushuka chini. Ndipo nikaitazama ile shaba vizuri. Ilikuwa imegeuka kijani. Shaba haigeuki kijani hivyo kwa mwaka mmoja wala mitano. Na ilikuwa imezungushwa kwa utulivu, mizunguko imelaliana, na ncha zake zimekunjwa kurudi ndani mara mbili ili zisimchome mtu. Nimekua nikiziona ncha za namna ile. Ziko kwenye banda la kuku nyumbani, ziko kwenye uzio wa bustani, ziko kwenye mpini wa jembe la Mama. Ni mtu mmoja tu ninayemjua anayekunja hivyo.

Nikamtazama Baba. Alikuwa ameshuka, kasimama nyuma ya fundi, anatazama ng'ombe ambao walikuwa wameshakwenda.

Mume wangu naye alikuwa ameona. Yeye anaishi kwa kutambua mshono wa mtu. Alinitazama, akamtazama Baba.

"Ni mimi," akasema.

Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye kandambili. Alikuwa anajua analolisema. Alikuwa anajua kuhusu gari, kuhusu mchele, kuhusu gunia linalopandishwa mwisho. Na alikuwa analitoa gari langu palepale kwenye tope, kwa sababu baba mkwe haaibishwi mbele ya fundi.

"Wewe baba mzima!" fundi akamwanzia. "Shaba kwenye fyuzi! Ungewaunguza wote! Umembeba mzee wa watu humu, hata haya huna?"

"Nimekosa, fundi."

"Ungekuwa hapa na mkaa sasa hivi! Mtu kama wewe..."

"Nimekosa. Sitarudia."

Kichwa kainamisha, mvua inamtiririka shingoni, na fundi anaendelea kumchambua, akipata nguvu kila neno. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumpiga fundi kwa ile spana. Lakini kama ningesema ukweli ningekuwa nimemwaibisha Baba, na kama ningenyamaza ningekuwa nimelipoteza gari na kumwacha mume wangu atukanwe bure. Nikasimama na kitambaa changu chenye tundu.

"Fundi," Baba akasema. "Mwache."

Akavua kofia, jambo ambalo hulifanya kanisani tu.

"Huyu bwana anasema uongo. Hiyo nimefunga mimi."

Fundi akafunga mdomo, na kwa fundi yule hilo halikuwa jambo dogo.

"Mama yake alikuwa na uchungu," Baba akasema, akininyooshea kidevu bila kunitazama. "Masika, alfajiri, namkimbiza Tosamaganga hospitali. Mvua siyo hii ya kwenu. Katikati ya kilima waipa zikafa. Sioni hata boneti. Nachomoa fyuzi, imeungua, sina nyingine. Nikakata kipande kwenye waya wa redio ya nyumbani, nilikuwa nimeibeba ili nisikilize taarifa nikisubiri. Nafunga, nakunja na ncha. Mama yake ananiambia, wewe mwanaume, funga upesi au nizalie humu humu. Nikafunga. Zikafanya kazi. Nikasema moyoni, kesho nanunua fyuzi."

"Na kesho yake?" fundi akauliza, sasa kwa upole.

"Kesho yake nilikuwa na mtoto," Baba akasema. "Nikasahau gari."

Nilikuwa nimesoma fyuzi kwa mwalimu yule maisha yangu yote, karatasi ya sigara, waya wa shaba, usimpe hata toroli, na muda wote jibu la mtihani lilikuwa limekaa namba tatu, limekunjwa ncha lisinichome. Nikaanza kulia. Halafu Baba akasema, "Toroli pia mninyang'anye," na kilio changu kikaharibika kikawa kicheko, na mume wangu akacheka mpaka akaegemea gurudumu.

Fundi alitueleza akiwa anakata nyaya zilizoungua. Waipa hunywa umeme kidogo, ndiyo maana shaba ilikaa miaka yote hiyo bila kudhuru mtu. Lakini fyuzi ya kweli ingekataa siku ile ile mume wangu alipounga taa za kwanza, na yeye angeelewa kwamba waya ule mwembamba umezidiwa. Shaba haikatai kitu. Inapitisha tu, mpaka waya wenyewe unakuwa jiko. "Kwa hiyo mmesaidiana," akasema. "Mzee alifungua mlango, mkwe akakaribisha wageni."

Akavuta waya mnene kutoka kwenye betri, akauwekea fyuzi yake palepale mwanzoni, akafunga rilei ili ile swichi ndogo iamrishe tu na mzigo wa taa upite kwenye waya mnene. Honi akaipa njia yake na fyuzi yake. Chaji vivyo hivyo. Namba tatu ikawekwa kichupa kipya, cha saizi iliyoandikwa kwenye kifuniko, na ikabaki na waipa peke yake. Baba na mume wangu walikuwa wamechuchumaa pamoja kumtazama, magoti ya Baba yakilia, mume wangu kamshika kiwiko. Walikuwa wanaulizana maswali. Mara nikamsikia Baba akisema, "Ila honi ni nzuri."

Fundi alipomaliza alikataa katakata kuchukua chochote kwa mzee. Nikamwambia, "Wabeja," asante ya kwao, neno pekee la Kisukuma ninalolijua, akafurahi kuliko ningemlipa. Ile fyuzi ya zamani alitaka kuitupa mtaroni. Baba akaiomba, akaitia mfuko wa shati.

Tulifika nyumbani jioni. Mama alikuwa amesimama mlangoni, keshahesabu ajali zake zote. Baba hakumweleza chochote. Alitoa kile kichupa akamwekea kiganjani. Mama akakigeuza, akakitazama, akamtazama Baba.

"Kumbe hujanunua mpaka leo?" akasema, akaingia kuepua ugali.

Sijui watu wanasemaje kuhusu wazazi wao kupendana, mimi niliona hivyo.

Asubuhi tulipokuwa tunaondoka, Baba alikuja hadi kwenye gari. Alifungua mlango, akaingiza kichwa, akavuta pumzi. Akatoka. Akafungua ile kamba ya kiatu kwenye mkanda wake, polepole, maana fundo lilikuwa limeshakuwa jiwe. Nikajua. Nikanyoosha kiganja.

Akapita mbele ya kiganja changu kama hakukiona. Akazunguka upande wa dereva, akautoa ufunguo kwa mikono miwili na kumpa mume wangu.

"Sasa hili gari ni lenu," akamwambia. "Na wewe umo, mwanangu."

Miaka yote ile alikuwa huyo bwana. Mume wangu akaupokea, akabaki anatikisa kichwa. Nami nilikuwa na hasira, jamani. Nani alikaribia kuzaliwa ndani ya lile gari, yeye au mimi? Ile shaba ilifungwa kwa ajili ya nani? Nilinuna mpaka Mafinga. Nilimwambia maneno mengi, akawa anaitikia tu, ufunguo kaufunga kwenye mkanda wake kwa kamba ile ile.

Karibu na Makambako mvua ikaanza tena. Mume wangu akawasha waipa, na sote wawili tukazisikiliza. Zilikwenda, zikarudi. Kwii-kwaa. Nikauchukua mkono wake mmoja, nikauweka juu ya paja langu, tukaenda hivyo mpaka ilipobidi abadilishe gia.